Wimbo wa Roki kwa Vidole Kwenye Gitaa Kavu: Dalili, Chanzo na Tiba

"Kodi zote nazijua, lakini nikipiga hakuna anayeutambua wimbo." Hilo ndilo lalamiko la kwanza la karibu kila anayehamishia wimbo wa zamani wa roki kwenye gitaa kavu, bila piki (kile kibapa cha kuchapia nyuzi) na bila bendi. (Kodi zinazosemwa hapa ni za gitaa, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja. Za TRA zina mafundi wake.) Mwenye lalamiko huukodolea macho mkono wa kushoto, ule unaobonyeza. Ugonjwa uko kulia.

Bendi ya roki ina mwimbaji, gitaa la solo, gitaa la ridhimu na besi. Bendi za dansi zilizovuma Tabora, Tabora Jazz ikiwemo, nazo ziligawana magitaa kwa namna hiyo hiyo. Ukipiga kwa vidole, kazi zote hizo zinaangukia mkono mmoja. Usipozigawa wewe, kidole gumba kitajitwalia uwanja na mwimbaji hatasikika. Hitilafu nyingi zilizoorodheshwa hapa zinatokana na mgawanyo huo. Zinazobaki ni za gitaa lenyewe.

Mfano tutakaoutumia ni The House of the Rising Sun, kama ulivyorekodiwa na kundi la The Animals la Uingereza mwaka 1964. Asili yake ni wimbo wa jadi wa Marekani ambao mtunzi wake hajulikani. Unapigwa kwa Am, kila kipimo kina mapigo sita (6/8), na kodi zake ni tano tu. Mpangilio wetu unakwenda hivi, kila kodi kipimo kimoja:

Am – C – D – F
Am – C – E – E
Am – C – D – F
Am – E – Am – E

Nyuzi tunazihesabu kuanzia ule mwembamba: uzi wa 1 ni E nyembamba, wa 6 ni E nene. Vidole vya kulia tunaviita gu (gumba), sha (shahada), ka (kati) na pe (pete). Kidole kidogo cha kulia hakina kazi hapa. Kipumzike, lakini kisishikilie ubao wa gitaa, maana kikishikilia kinaufunga mkono mzima.

Kabla ya kujilaumu: gitaa lina nyuki

Tabora inasifika kwa asali, lakini nyuki wa kwenye gitaa hawana faida. Uzi ukitoa "zzz", usianze na mazoezi. Anza kwa kutafuta sauti hiyo inatokea wapi.

Piga kila uzi ukiwa wazi, kisha bonyeza freti (vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) moja baada ya nyingine hadi ya 12, polepole, kwa nguvu ile ile.

Ikiwa uzi unalia "zzz" ukiwa wazi na unanyamaza mara tu ubonyezapo freti yoyote, mfereji wake kule kichwani, pale uzi unapolala kabla ya kuingia kwenye funguo, umeliwa umekuwa wa kina. Tiba ya muda ni kipande kidogo cha karatasi chini ya uzi ndani ya mfereji. Tiba ya kudumu ni kubadilisha kile kipande cha mfupa au plastiki.

Ikiwa sauti inatoka kwenye freti za mwanzo, tuseme ya 1 hadi ya 5, shingo imenyooka kupita kiasi. Bonyeza uzi wa 6 kwenye freti ya 1 na ya 14 kwa pamoja, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7. Panatakiwa papite karatasi mbili za fotokopi, yaani takribani milimita 0.2. Ikiwa uzi umelala juu ya freti kabisa, legeza chuma cha ndani ya shingo kwa kuzungusha kinyume cha saa, robo mzunguko tu, halafu uache gitaa hadi kesho yake ndipo upime tena. Anayezungusha mara tatu kwa mpigo mmoja hununua shingo mpya. Magitaa mengi ya nyuzi za nailoni hayana chuma hicho, kwa hiyo usihangaike kukitafuta.

Ikiwa ni freti moja tu inayosumbua, freti inayoifuata imeinuka. Hiyo mpelekee fundi.

Kimo cha nyuzi kinapimwa kwa kadi za benki. Kadi moja ina unene wa milimita 0.76. Pachika kadi kati ya freti ya 12 na uzi wa 6: kwenye gitaa la nyuzi za chuma zinatakiwa zienee tatu kwa kugusa kidogo, na kwenye la nailoni tano. Gitaa la chuma likimeza kadi tano, F yako haitatoka hata ufanye mazoezi mwaka mzima, na kosa si lako.

Msimu nao una mchango wake. Tabora kati ya Mei na Oktoba hewa ni kavu na mbao hunywea: ubao wa mbele unashuka, nyuzi zinashuka nao, na gitaa lililokuwa zima mwezi wa tatu linaanza kulia nyuki. Dalili ya uhakika ni ncha za freti kuchomoza pembeni mwa shingo na kukwaruza kiganja. Mti umenywea, chuma hakinywei. Weka gitaa ndani ya mfuko wake pamoja na kisahani cha sabuni chenye matundu na sponji iliyolowekwa ikakamuliwa hadi isidondoshe tone, na sponji hiyo uilowanishe upya kila baada ya siku tatu nne. Kigoma, kando ya ziwa na hasa wakati wa mvua, mambo hugeuka: mbao huvimba, nyuzi hupanda juu, na chuma hushika kutu. Huko sponji haina kazi. Kinachotakiwa ni kitambaa cha pamba, kipande cha kanga iliyochakaa kinafaa sana, kufuta kila uzi juu na chini kila umalizapo kupiga.

Onyo moja ambalo halina mjadala: usifunge nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni. Seti ya chuma ya 12–53 (namba hizo ni unene wa uzi mwembamba na mnene kabisa, kwa elfu za inchi) inavuta kwa nguvu ya takribani kilo 70, ya nailoni takribani 40. Daraja, pale nyuzi zinapofungwa kwenye ubao wa mbele, litang'oka pamoja na kipande cha ubao. Ukiagiza nyuzi kutoka Dar es Salaam au Mwanza, mtajie unayemwagiza aina na namba, usimwambie tu "nyuzi za gitaa". Kwa wimbo huu, mwenye vidole vichanga achukue seti ya chuma inayoanzia 10 au 11.

Gitaa halikai kwenye sauti

Nyuzi mpya hulegea siku mbili tatu za mwanzo. Zivute taratibu kwa kidole pale juu ya freti ya 12, tyuni upya, rudia mara nne au tano. Uzi uzungushwe kwenye kigingi mara mbili au tatu, usipungue na usizidi. Unapotyuni, siku zote malizia kwa kupandisha: ukipitiliza juu, shusha chini ya sauti unayoitaka kisha upande. Ukimalizia kwa kushusha, uzi unabaki na ulegevu kwenye funguo na dakika kumi baadaye utakuwa umeshuka wenyewe.

Programu ya kutyuni kwenye simu iwekwe A = 440. Ikishapakuliwa, haihitaji bando. Lakini isikudanganye kwa kitu kimoja. Nyuzi wazi zikiwa sawa kabisa, bado freti ya 5 inaweza kuchacha, na mpangilio huu unatumia freti ya 5 juu ya besi ya uzi wazi, kwa hiyo kasoro itaanikwa. Gusa uzi wa 1 juu ya freti ya 12 bila kubonyeza, upate ile sauti ya kengele, kisha bonyeza freti hiyo hiyo. Sauti zikitofautiana, badilisha uzi kwanza. Uzi uliochakaa haunyooki sauti, na hakuna funguo itakayouponya. Chanzo kingine ni kubonyeza kwa nguvu kupita kiasi, kunakopandisha sauti bila wewe kujua.

Ukisafiri na gitaa kwa treni ya Reli ya Kati, shusha nyuzi zote sauti nzima moja. Na usiliache chumba cha bati mchana wa Oktoba likiwa limeegemea ukuta unaopigwa na jua.

"Nimepiga kama rekodi, lakini wimbo hautambuliki"

Hapa ndipo penye kazi, na hapa tutakaa.

Chanzo cha kwanza ni kuiga kitu kisicho sahihi. Kwenye ile rekodi ya 1964, Hilton Valentine anachambua kodi kwenye gitaa la umeme, Alan Price yuko kwenye ogani, na wimbo wenyewe anao Eric Burdon mdomoni. Gitaa halibebi wimbo hata sekunde moja. Ukinakili gitaa peke yake, umenakili usindikizaji. Ni kama kwaya iliyoimba sauti ya pili, ya tatu na ya nne, sauti ya kwanza ikabaki nyumbani. Kwa hiyo kabla ya kugusa kodi, itafute sauti ya kwanza peke yake, uzi mmoja mmoja, bila besi.

Kwa wanaosoma sol-fa, pigo zito la kila kipimo katika mstari wa kwanza ni la, do, re, la. Mstari wa pili ni la ya juu, so, mi. Kwenye gitaa:

Mstari wa 1: A (uzi wa 3, freti ya 2), C (uzi wa 2, freti ya 1), D (uzi wa 2, freti ya 3), A (uzi wa 3, freti ya 2).
Mstari wa 2: A ya juu (uzi wa 1, freti ya 5), G (uzi wa 1, freti ya 3), E (uzi wa 1 wazi).

Kati ya A na C, mwishoni mwa kipimo cha kwanza, pitisha ti, yaani B, uzi wa 2 ukiwa wazi. Mwishoni mwa kipimo cha C, pitisha E, uzi wa 1 wazi. Ukipiga sauti hizi tu, mtu wa chumba cha pili atautambua wimbo. Asipoutambua, usiendelee mbele.

Chanzo cha pili ndicho kinachowakamata hata wenye uzoefu. Mpigo wa kawaida wa mapigo sita ni gu–sha–ka–pe–ka–sha: besi, uzi wa 3, wa 2, wa 1, wa 2, wa 3. Ni mzuri sana kwa kumsindikiza mwimbaji. Sasa angalia: A ya mwanzo wa wimbo iko uzi wa 3. Ukiendelea na mpigo huo, uzi wa 2 na wa 1 unalia juu ya wimbo, na sikio la binadamu huchukua sauti ya juu kabisa kuwa ndiyo wimbo. Msikilizaji anasikia E ya uzi wa 1 ikijirudiarudia, wala haisikii la–do–re–la. Hujakosea kodi hata moja, lakini umeuzika wimbo.

Tiba ni kuushusha mkono. Katika mstari wa kwanza, sha ihamie uzi wa 4, ka uzi wa 3, pe uzi wa 2. Kanuni yake ni fupi: nyuzi za kujaza ziwe chini ya wimbo. Kwa vipimo vinne vya mwanzo inakuwa hivi.

Am: hesabu ya 1, gu uzi wa 5 wazi na ka uzi wa 3 freti ya 2, vyote kwa pamoja kama unabana chumvi. Hesabu ya 2 hadi ya 5, sha na gu zinapokezana kwa upole nyuzi za 4 na 5. Hesabu ya 6, pe uzi wa 2 wazi. Ili uzi huo uwe wazi, kidole cha shahada cha kushoto lazima kiinuke kutoka kwenye Am. Wengi hawakiinui kwa kuwa wamefundishwa kushika kodi nzima, basi badala ya B wanapata C mapema na wimbo unapoteza ngazi yake. Kwenye mpangilio wa vidole, kodi ni ghala. Chukua unachohitaji, kingine kiache.

C: gu uzi wa 5 freti ya 3 na pe uzi wa 2 freti ya 1. Jaza kwa uzi wa 4 na wa 3. Hesabu ya 6, pe inaruka hadi uzi wa 1 wazi.

D: gu uzi wa 4 wazi na pe uzi wa 2 freti ya 3. Jaza kwa uzi wa 3. Nusu ya pili ya kipimo, wimbo unashuka kwenye A ya uzi wa 3, kwa hiyo uzi huo hapo si wa kujaza tena, upigwe kama mwimbaji.

F: gu uzi wa 4 freti ya 3 na ka uzi wa 3 freti ya 2. Hapa kanuni yetu inavunjwa, na ivunjwe. Wimbo umetua, mwimbaji anavuta pumzi, basi nyuzi za 2 na 1 ziachwe zijibu juu kuanzia hesabu ya 3. Kuzinyima nafasi hapo kunaufanya mstari ukauke.

Chanzo cha tatu ni uzito. Besi na wimbo vikipigwa kwa pamoja, gumba, ambacho ni kinene na chenye nguvu, hushinda. Jipime hivi: piga ule mbano wa hesabu ya 1 mara kumi, ukiongeza nguvu ya kidole cha wimbo (ka au pe) na kupunguza ya gu hadi besi isikike kama mtu anayehema tu. Kisha jirekodi kwa simu iliyowekwa hatua mbili mbali. Usiiweke mapajani, maana simu iliyo karibu na tundu la gitaa hubeba besi kuliko hali halisi na utatibu ugonjwa usiokuwepo.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Kwenye gitaa, chanda hicho ndicho kinyonge kuliko vyote. Kama pe yako bado dhaifu, mwachie ka wimbo kwa wiki mbili za mwanzo, pe ikijifunza taratibu. Na anayedhani kwamba bila vidole vitatu hakuna muziki amsikilize mpiga gitaa Mwenda wa Bayeke, aliyerekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 huko Katanga, Kongo: gumba na shahada, basi, na gitaa linasikika kama mawili. Bayeke wenyewe ni watu wa himaya iliyoanzishwa na Msiri aliyetoka Unyamwezi, kwa hiyo kwa msomaji wa Tabora mkono ule si wa mgeni.

Mstari wa pili unakatika

Wimbo unaruka kutoka freti ya 2 hadi ya 5, na mkono wa kushoto unabeba Am nzima kupanda nayo. Hauna haja. Laza kidole cha shahada juu ya nyuzi za 1, 2 na 3 kwenye freti ya 5: unapata A, E na C, yaani Am kamili, na besi ya uzi wa 5 inabaki wazi. Uzi huo wazi ndio unaokupa muda wa kuhama. Upige, uuache ulie, wewe uko njiani.

Ukishuka kwenye C, kidole kidogo cha kushoto kishike uzi wa 1 freti ya 3 (G), vingine vikiwa kwenye C ya kawaida. Kisipofika, tatizo ni dole gumba la kushoto lililokumbatia shingo kwa juu. Lishushe hadi katikati ya mgongo wa shingo na kidole kidogo kitarefuka chenyewe. Kisha E: nyuzi za 6 na 1 zote wazi, vipimo viwili vya kupumzika.

F haitoki

Kwa mpangilio huu, F ya kulaza kidole nyuzi sita haihitajiki, na anayekulazimisha uijue kwanza anakuchelewesha. Shika uzi wa 4 freti ya 3, wa 3 freti ya 2, wa 2 freti ya 1. Uzi wa 1 ukiachwa wazi unapata F yenye ladha ya E ndani yake, laini zaidi, na hapo penye kutua inapendeza. Kama vidole vitatu hivyo navyo vinatoa sauti iliyokufa, visogeze hadi karibu kabisa na freti, upande wa kichwani. Ukibonyeza katikati ya nafasi, unahitaji nguvu maradufu.

Mapigo sita yanachechemea

Dalili: kila kipimo kinasikika kama vitatu vinavyofukuzana, au unajikuta umeongeza pigo la saba wakati wa kubadili kodi. Chanzo ni kuhesabu nyuzi badala ya mapigo. 6/8 ina mapigo makubwa mawili, kila moja lenye watoto watatu: MOJA-mbili-tatu NNE-tano-sita. Mguu ukanyage kwenye moja na nne tu. Mwendo huu si mgeni kwa aliyekulia kwenye ngoma. Piga makofi mawili kwa kila kipimo huku ukiuimba wimbo, bila gitaa, kabla ya kulishika.

Kisha gu peke yake: besi moja kwa kipimo, mzunguko mzima wa vipimo 16. Uzi wa 5, uzi wa 5 freti ya 3, uzi wa 4, uzi wa 4 freti ya 3, na kuendelea. Weka metronomu (kifaa au programu ya kugonga mapigo) kwenye mapigo makubwa 40 kwa dakika. Gu likipita mizunguko mitatu bila kusita, ongeza wimbo. Vya kujaza vije mwisho. Walimu wengi huanza na vya kujaza kwa sababu vinasikika vizuri haraka, na ndiyo maana wanafunzi wengi hukwama hapo.

Kasi imegota

Ukiweza 52 na ukifika 56 vinavurugika, usirudie wimbo mzima mara ishirini. Kuna kipimo kimoja kinachokwamisha vingine, na mara nyingi ni mpito wa C kwenda D au D kwenda F. Chukua pigo la mwisho la kipimo cha kwanza na pigo la kwanza la kinachofuata, mapigo mawili tu, uyarudie. Kidole cha besi kitangulie kutua, vingine vifuate: msikilizaji anahitaji besi na wimbo kwenye hesabu ya 1, vya kujaza vina nafasi hadi hesabu ya 2. Panda kwa hatua za 4.

Anayekosea na kurudi mwanzo kila mara huishia kuujua mstari wa kwanza vizuri sana na wa nne hajawahi kuufikia akiwa na akili timamu. Anza siku nyingine na mstari wa nne.

Mikwaruzo, kucha na maumivu

Ile "fyuu" unapohama kwenye nyuzi nene inatokana na kidole kuburuzwa. Kiinue wima, hama, kitue. Nyuzi zenye kutu hukwaruza zaidi.

Kucha za kulia zizidi nyama kwa milimita moja hadi mbili, zilainishwe kwa msasa laini, namba 600 kisha 1000. Anayefua kwa mikono au kupukuchua mahindi zitamvunjikia, naye apige kwa nyama ya kidole. Sauti inakuwa nene na ya chini kidogo, hakuna ubaya, ila wimbo auongezee uzito.

Ncha za vidole vya kushoto kuuma ni kawaida kwa wiki tatu hivi. Ganzi au maumivu ya kifundo cha mkono si kawaida. Acha kupiga siku hiyo, kisha tazama mkao. Weka mguu wa kushoto juu ya tofali la inchi 6, gitaa liinuke, kifundo kinyooke.

Sauti yako haifiki

Ukitaka kuuimba huku unapiga na Am iko chini mno kwa koo lako, usibadili kodi. Funga kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye shingo) freti ya 2 au ya 3, upige vilevile. Bila kapo, chukua penseli ya duara (yenye pembe sita hubana nyuzi nusu nusu), ilaze juu ya nyuzi zote nyuma tu ya freti, uikaze kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli uliozungushwa nyuma ya shingo. Tyuni upya baada ya kuikaza. Uzi wa 6 ukisikika umekufa, ongeza mzunguko mmoja wa tyubu upande huo.